Kumi

Walinipa kombati ya mtu mnene kuliko mimi,
kirungu, daftari la kurasa themanini
na kamba ya manila, mita thelathini.
"Kundaeli," mtendaji akaniambia,
"korona haina shangazi."
Nikaitikia afande, sikuelewa.

Sokoni Kiborloni nikafunga kamba
toka nguzo ya choo mpaka kwenye mjakaranda,
nikaweka ndoo ya koki na kipande cha sabuni
kilichotobolewa, kikaning'inia kwa uzi kisiibwe.
Nawa, pita. Nawa, pita.
Wauza mitumba wakaninyooshea viganja
kama watoto wanaokaguliwa kucha.
Kuna aliyenawa kidole kimoja.
Kuna mama wa ndizi mshare
aliyekata sidiria ya mtumba akajifunga puani,
nikamtazama, akanitazama:
"Tangazo limesema kitambaa.
Halikusema kimetoka wapi."
Barakoa moja ya bluu niliiona ikiingia mara sita
na nyuso sita. Aliyekwisha kupita
humpa mwenzake kwa chini ya kamba.
Nilicheka. Kisha nikapuliza filimbi,
maana mtendaji alikuwa anakuja.

Nilipiga pia.
Muuza karanga, kijana, kirungu cha goti,
kwa kuwa aliniuliza mbele za watu:
"Tunalala saba chumba kimoja, afande,
hiyo mita moja niipimie wapi?"
Karanga zikamwagika, kuku wakazimaliza.
Hilo halimo daftarini.

Wiki ya tatu shangazi Aikaeli akafa, Kidia.
Kifua, walisema. Walisema kwa sauti ya chini.
Amri ikapanda mlima kabla ya jeneza:
watu kumi, nusu saa,
ndafu hakuna, mbege hakuna, matanga hakuna.
Watu kumi!
Shangazi alizaa tisa.
Nikatumwa mimi
kwa sababu naijua njia ya kihambani.

Nikazungusha kamba migomba minne, kaburi katikati.
Nikahesabu kwa kalamu: wanawe tisa,
mchungaji wa kumi.
Babu Ndelilio, mumewe wa miaka hamsini na miwili,
alisimama nje ya kamba, kofia mkononi,
akingoja nimwambie
yeye ni mtu wa ngapi.

Nilisema nini? Sikusema.
Niliinua kamba kama unavyomwinulia mtu waya wa nguo,
naye akainama, taratibu, mgongo ukalia.

Ndipo ikaonekana hakuna kamba ya kushushia.
Kila mmoja alidhani mwenzake ameleta.
Macho yote kwangu.
Nikafungua ile ya sokoni, fundo baada ya fundo,
bado ina harufu ya sabuni ya mche,
tukaikata mbili, tukampitishia chini ya jeneza,
ncha moja nikaishika mimi.
Shangazi alikuwa mwepesi. Au tulikuwa wengi.

Maana wimbo ulipoanza
haukutoka kwa wale kumi pekee.
Ulitoka migombani, sauti ya kwanza, ya pili,
besi nzito nyuma kule kwenye kahawa.
Nikainama kana kwamba nafunga buti.
Chini ya majani makavu: miguu.
Kandambili, raba za shule iliyofungwa,
mabuti ya mvua, miguu mitupu ya wazee,
imesimama mbali mbali kidogo,
sijui kwa amri
au kwa nafasi ya migomba.

Nilisimama. Nikachukua sepetu.
Tulipofukia, kamba ilibaki chini,
hakuna aliyekumbuka kuivuta.

Jumatatu ofisini mtendaji akafungua daftari.
Waliohudhuria: kumi.
Akasoma mara mbili, akatia saini.
Kiatu chake cha kushoto kilikuwa na udongo mwekundu kisiginoni.
Hakuuliza kamba iko wapi.